Kila Mtu Alikufa kwa Moyo

Wiki tatu zilizopita nilikabidhi ufunguo wa kabati la rejista, nikapewa soda, kitenge na hotuba ndefu kutoka kwa watu ambao nusu yao hawakujua jina langu mpaka walipolisoma kwenye kadi. Nashukuru kwa yote, hata kwa hotuba. Vijana wa chumba cha takwimu mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyoanza. Habari za vyeo sina, maana niliingia karani na nimetoka karani. Nitawaeleza juu ya safu ya sita ya rejista ya vifo, ile ya sababu, kwa kuwa nyinyi mnaijaza kwa kubofya tu, na mimi niliijaza vibaya kwa zaidi ya mwaka mzima.

Nilifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, katikati ya miaka ya tisini, nikitokea Rumonge kule Burundi, nilikokuwa naandika kadi za wagonjwa kwenye zahanati. Kambi ilikuwa mpya kwetu sisi wakimbizi, lakini majengo yalikuwa ya gereza la zamani. Chumba walichonipa dirisha lake lilikuwa juu kabisa, kwa sababu aliyelijenga hakutaka mtu atazame nje, na kila asubuhi nilipanda juu ya kiti kulifungua. Nilikuwa na meza, rejista yenye jalada gumu, rula ya mbao, muhuri, na karatasi za kaboni ambazo zikichoka tulizianika juani ili ziandike tena. Nilizipenda sana zile kaboni. Zilinichafua vidole mpaka kanisani watu walinijua kwa vidole kabla ya sura.

Siku yangu ya kwanza alikuja baba mmoja aliyefiwa na mama yake nyumbani. Utaratibu ulikuwa hivi: karani anaandika karatasi ya kifo, mwenye msiba anaipeleka stoo, na stoo wanampa mbao za jeneza. Bila sababu ya kifo kuandikwa, mtunza stoo hatoi mbao. Yule mama sikuwahi kumwona akiwa hai, wala hakuna mganga yeyote aliyemwona. Nikamwendea muuguzi wetu, mama wa Kimalawi aliyekuwa anahudumia watu wa kambi nzima kwa mikono miwili, nikamuuliza niandike nini.

"Andika moyo umesimama," aliniambia bila kuinua kichwa. "Umeshaona maiti ambaye moyo wake unapiga?"

Nilicheka. Niliona ni jibu la mtu aliyebobea. Nikaandika "moyo kusimama", yule baba akapata mbao zake, na mama yake akazikwa siku ile ile. Tangu hapo, kila aliyefia nyumbani nilimwandika hivyo. Aliyefia kwenye zahanati yetu pia nilimwandika hivyo, kama muuguzi alikuwa na kazi nyingi na mimi naona aibu kumsumbua. Wenye misiba hawakulalamika. Miaka ile kulikuwa na ugonjwa ambao hakuna aliyetaka utajwe karibu na jina la ndugu yake, na watu wengine waliogopa kwamba ugonjwa wowote ukiandikwa utafuata familia kwenye mafaili. Moyo haukumtia mtu aibu. Wengine waliniambia asante.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Mwisho wa mwezi nilitakiwa kujaza fomu ya kwenda Lilongwe, na fomu ile haikuwa na mstari wa moyo kusimama. Ilikuwa na malaria, kuhara, surua, nimonia, na chini kidogo, magonjwa ya moyo. Nikaona moyo ni moyo. Nikawahamishia wote hapo, nikapiga muhuri, nikaridhika kwamba hesabu imefunga.

Fomu zenyewe nilizipeleka kwa mkono, mara moja kila miezi mitatu. Nilitembea mpaka barabarani, nikapanda matola, yaani nyuma ya pikapu pamoja na magunia na kuku, na kufika Lilongwe vumbi limeniingia mpaka ndani ya bahasha. Ofisi ya takwimu za afya ilikuwa na mzee mmoja aliyeiendesha kwa penseli na kifutio, Bambo Mbewe, yaani Bwana Mbewe kwa Kichewa. Alikuwa mtu wa Karonga, aliyefanya kazi Mbeya ujanani, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Alivaa sweta hata mwezi wa kumi, wakati sisi wengine tunajipepea na mafaili. Mwalimu wangu wa kazi hii ni yeye, na kama kuna jambo jema mlilojifunza kwangu, mjue limetoka kwake.

Mara ya tatu nilipokwenda, alinishika mkono akanipeleka ukutani. Alikuwa amechora kwa rangi vifo vya kila kituo, vijiti vimesimama vimepangana. Kijiti chekundu cha Dzaleka, cha magonjwa ya moyo, kilikuwa kirefu mpaka alikuwa amebandika karatasi ya pili juu.

"Amayi," aliniambia, yaani mama, "huko kwenu mnakula nini?"

Nilidhani ananitania. Kumbe kulikuwa na daktari mgeni aliyeona ule mchoro akaanza kuandika kwamba wakimbizi wanakufa kwa presha na huzuni, na ya kwamba dawa za moyo ziongezwe Dzaleka, hata kama za malaria zitapungua kidogo. Bambo Mbewe alikuwa amemwomba asubiri. Akaniuliza nani anaandika sababu. Nikasema ni mimi, kwa maelekezo ya muuguzi. Akaniuliza tunajuaje. Nikasema moyo umesimama.

"Kila maiti moyo wake umesimama," alisema. "Hiyo ni kufa, amayi. Mimi nakuuliza kilichomuua."

Hakunifokea. Aliniletea chai, akachukua daftari la shule akaniandikia maswali ya kuwauliza wafiwa: homa ilianza lini, alikohoa, aliharisha, alivimba wapi, alilalaje, alianguka ghafla au polepole. Akaniambia ambaye sababu yake haijulikani niandike "haijulikani", na yeye mwenyewe ataongea na mtunza stoo. Nikasema zikomo, asante, nikatia daftari kwenye kikapu. Nilipofika kambini nikakuta foleni mlangoni, nikaliweka daftari kabatini, na wiki iliyofuata nikaandika moyo kusimama. Naliandika hili ili msije mkafikiri nilibadilika kwa kusikia neno moja la hekima. Nilikuwa na foleni, na uvivu nao nilikuwa nao.

Miezi michache baadaye alikufa Festo. Huyu alikuwa fundi cherehani aliyekaa chini ya ukuta wa soko, mtu wa Rumonge kama mimi, mpole, mwembamba. Alikula chakula cha mchana alichopikiwa na mkewe, akarudi kwenye cherehani, akashona kidogo, akalaza kichwa juu ya kitambaa. Wateja walidhani amesinzia. Kaka yake mkubwa, Samweli, alikuja kwangu kuchukua karatasi. Sikumuuliza hata swali moja. Niliandika moyo kusimama, nikampa pole, nikamwita anayefuata.

Siku ya nne mkewe alikuja amejifunga khanga kifuani, macho mekundu. Tulimwita Mama Riziki. Alizaliwa Uvira, upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, Festo akamwoa na kumleta kwao, na pale kambini hakuwa na ndugu hata mmoja wa upande wake.

"Madame Konsolata," alisema kwa Kiswahili cha kwao, "ile familia banasema mi njo nilimuua. Banasema nilimutilia sumu mu chakula. Samweli anataka nitoke mu nyumba, na batoto babaki kwao. Riziki na mudogo wake, bote."

Nyinyi mmezaliwa huku, labda hamjui uzito wa neno hilo kwetu. Mwanamke akiitwa mtoa sumu hakuna mji unaompokea. Watoto wake wanakua wakiambiwa hivyo juu yake kila siku.

"Lakini karatasi yako inasema moyo," aliendelea. "Njo nimekuja. Kesho banakaa kikao. Ukuje ubasomee."

Nilikubali mara moja, tena kwa fahari. Nilichukua rejista kwapani, nikavaa viatu vya Jumapili. Kikao kilikuwa uani kwa mzee wa kanisa, kiongozi wa kwartie, yaani mtaa, yupo, wazee wa kanisa wapo, na mama mzazi wa Festo, bibi mmoja mfupi, ameketi kwenye mkeka. Nilisimama nikasoma: Festo, fundi, sababu, moyo kusimama. Nilisoma vizuri sana.

Samweli hakunipinga kwa sauti. Alifungua Biblia yake akatoa karatasi iliyokunjwa, akaomba mzee wa kanisa aisome. Ilikuwa karatasi ya binti yake mdogo, aliyefariki msimu wa mvua. Muhuri wangu, mwandiko wangu. Moyo kusimama.

"Mtoto yangu alikuwa na homa siku tano," alisema Samweli. "Batu bote ba hapa balimuona vile alikuwa anatetemeka. Balisema malaria. Madame akaandika moyo. Yule jirani lori ilimugonga akakufa, muulize mke wake karatasi inasema nini." Mke wa jirani alikuwa pale, akainamisha kichwa. "Inasema moyo. Sasa Madame, utuambie. Hii karatasi yako inajua nini?"

Nimepata aibu nyingi maishani, nimekimbia nchi na mtoto mgongoni bila kiatu, lakini aibu ya siku ile naisikia hadi leo usoni. Mama Riziki alinitazama, na niliona kwamba nimemharibia zaidi kuliko kama nisingekuja. Kama yule mtu alikufa kwa moyo kweli, mimi ndiye niliyefanya isiaminike. Niliwaomba wazee siku nane. Kiongozi wa kwartie akanipa, nadhani kwa kunihurumia.

Asubuhi nilipanda matola kwenda Lilongwe, nikamsimulia Bambo Mbewe kila kitu, na foleni, na daftari kabatini. Alivua miwani akaipangusa kwa sweta.

"Sasa usiende kumtafutia yule mama moyo," aliniambia. "Nenda uulize. Ukikuta sumu, utaandika sumu. Unaweza?"

Nilimwambia naweza. Sikuwa na uhakika, na naona alijua.

Nilirudi, nikatoa lile daftari, nikaenda kwanza kwa Mama Riziki. Tuliketi nyuma ya nyumba, peke yetu. Nilimuuliza Festo alikuwa analalaje, nikatarajia aseme vizuri au vibaya.

"Alikuwa halale, Madame. Alikuwa anakaa. Majuma tatu nzima alikuwa anaegemea gunia ya bitambaa, sababu akilala chini pumzi inakosa. Na miguu ilivimba, viatu vikakataa. Alisema nisiambie mama yake, atalia. Mwezi moja mbele ya kufa alienda Lilongwe ku hospitali, akaniambia iko bien, iko muzuri." Halafu akashika goti langu. "We njo mutu wa kwanza kuniuliza vile alikuwa analala. Bote balikuwa bananiuliza nilipika nini."

Nilikwenda pia kwa bibi, mama yake Festo, siku nyingine, bila kumwambia niliyoyasikia. Hakutaka kuongea. Nilimuuliza tu kama mwanawe alikuwa mgonjwa utotoni. Alifikiri kidogo, akasema akiwa wa miaka kama tisa alipata homa kubwa, magoti yakavimba, yakapona, viwiko vikavimba. Tangu hapo hakucheza mpira na wenzake. Ndiyo maana baba yake alimpeleka kujifunza cherehani.

"Hiyo inahusu nini?" aliniuliza.

"Sijui bado, Bibi," nilisema, na ilikuwa kweli.

Bambo Mbewe alijua. Nilipomrudia Lilongwe na kumsomea habari ya magoti aliweka penseli chini. Alinieleza kwamba kuna homa ya utotoni inayopita kwenye viungo, na mtoto anaonekana amepona, kumbe imebaki kwenye vilango vya moyo, na baada ya miaka mingi moyo unachoka. Tukaenda naye hospitali mjini, akawaomba wenzake, wakatufungulia madaftari ya wagonjwa wa nje. Tulianza kutafuta asubuhi tukamaliza saa tisa alasiri, mimi ukurasa wa kushoto, yeye wa kulia, tunapiga chafya kwa zamu. Yeye ndiye aliyemwona. Festo, fundi cherehani, Dzaleka. Daktari alikuwa ameandika kwamba kilango cha moyo kimebana na mapafu yana maji, apewe dawa, arudi baada ya wiki mbili. Mbele yake hapakuwa na tarehe yoyote kuonyesha kwamba alirudi.

Nilifurahi, kisha nikaona vibaya kufurahi. Bambo Mbewe alininakilia yale maneno kwa mkono wake, akaandika chini yake jinsi yalivyopatikana. Nikamuuliza kama sasa tunaweza kusema ni hakika.

"Mwili haukupasuliwa, amayi," alisema. "Andika 'inaelekea sana', na uandike nani alikwambia nini. Mtu mwingine akitaka kukukosoa apate pa kuanzia."

Siku ya nane watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, kwa sababu kusikia karani anaumbuka ni burudani ya bure. Nilikuwa nimeamua kwamba siwezi kusoma karatasi ya Festo kabla sijasema yangu. Nikafungua rejista ukurasa wa kwanza. Nikawaambia kwamba safu ya sita nimeijaza bila kuuliza, ili mbao zitoke na mimi niende nyumbani. Nikaanza kusoma majina. Kwa kila jina nilisema, "Huyu sijui," au "Huyu muuguzi alimwona, alikuwa anahara." Hizo "sijui" zilikuwa nyingi. Mama mmoja alisimama akasema nimemchezea mume wake, na akaondoka. Sikumlaumu. Nilipofika kwa binti yake Samweli, nilisema, "Huyu sikuuliza."

Samweli alisogea mbele.

"Uliza sasa," alisema.

Nikatoa penseli. Nikamuuliza homa ilianza lini, alitapika, alitetemeka mara ngapi, alikuwa anakunywa maziwa. Alijibu yote mbele ya watu, sauti yake ikipungua, mpaka swali la mwisho akajibu kwa kichwa. Nikakata neno moyo kwa rula, mstari mmoja ulionyooka ili lililokosewa lisomeke, nikaandika malaria, inaelekea, kwa maelezo ya baba. Nikamwonyesha. Alisoma, akarudia kusoma.

Ndipo nikasoma ya Festo: gunia la vitambaa, miguu, daftari la hospitali. Nilipotaja magoti ya utotoni, bibi aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka.

"Magoti nilimwambia mimi," alisema. "Nilimwambia mimi mwenyewe. Hakuna mtu aliyenifundisha."

Wazee walizungumza kidogo. Wakasema nyumba ni ya Mama Riziki na watoto ni wa mama yao. Samweli hakupinga, wala hakusema kwamba amekubali. Alifunga Biblia yake akaenda zake.

Mwezi ule fomu yangu ilikwenda Lilongwe na mstari wa "haijulikani" ukiwa mrefu kuliko yote. Niliona haya kuipeleka, nikampa dereva wa matola. Bambo Mbewe alinirudishia ujumbe kwenye kipande cha karatasi: "Amayi, hongera, Dzaleka moyo umepona ghafla. Kwa mara ya kwanza naiamini fomu yako." Daktari mgeni aliacha mpango wake, na dawa za malaria zilibaki. Mtunza stoo naye alipigiwa simu, akajifunza kutoa mbao kwa neno haijulikani, ingawa kila mara alilisoma kwa sauti ya kunisuta. Muuguzi wetu aliponiona na daftari la maswali alisema pepani, samahani, siku ile alidhani nimejua kwamba ananitania tu. Nilimwambia nilikuwa mtu mzima, ningeweza kuuliza. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na alipohamia kwao Nathenje nililia kama mtoto.

Namshukuru Bambo Mbewe, ambaye sasa hayupo. Sababu ya kifo chake niliiuliza kwa wanawe, nikaiandika pamoja na tarehe. Nadhani angekubali. Namshukuru Samweli pia. Bila ile karatasi ndani ya Biblia yake ningestaafu nikiwa karani mwenye mwandiko mzuri.

Lakini hukumu ya wazee haikummalizia Mama Riziki shida. Kwetu mtu anayeshukiwa sumu haambiwi usoni. Watu wanafika kwake, wanakaa, wanazungumza vizuri kabisa, na chakula kikija kila mmoja anasema ameshiba. Siku ya kuondoa matanga alipika yeye. Alipika bugari, yaani ugali, maharage na ndagala, wale dagaa wa ziwani, masufuria matatu, tangu asubuhi. Ukoo wote ulikuja, wakasali, wakaimba. Sahani zilipopita, wa kwanza akasema ameshiba, wa pili akasema tumbo linamsumbua, wa tatu akatazama wa pili. Mimi nilikuwa nakula, lakini mimi si wa ukoo, kula kwangu hakukuwa na maana. Mama Riziki alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, na Riziki amemshika khanga.

Samweli alikuwa amekaa mwisho kabisa. Aliomba maji. Akanawa mikono polepole, mpaka kwenye viwiko, watu wote wanamwona. Akamwita Riziki na mdogo wake wakae naye kwenye sahani moja. Akamega, akachovya, akala, akatafuna, akameza. Alikula mpaka sahani ikaisha. Halafu akaiinua kuelekea mlangoni, mbele ya mama yake na ndugu zake wote.

"Shemeji," alisema, "uniongeze."